Jadi ya Nani?

Chama cha wanafunzi Wakristo kinapojitwika kazi ya kutetea ndoa ya mke mmoja kwa jina la ndoa ya jadi katika eneo kama Matungu, nchi ya Wawanga magharibi mwa Kenya, swali la kwanza la kifalsafa ni jadi ya nani inayotetewa. Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga aliyefariki mwaka 1949, alikuwa na wake wengi. Kwa mila za Wawanga ndoa ni mapatano ya koo mbili: kijana haoi katika ukoo wa baba wala wa mama yake, na mahari ya ng'ombe ni shauri la wazee. Uislamu, uliokita mizizi Mumias jirani, unaruhusu wake hadi wanne kwa sharti la uadilifu, yaani kuwatendea wote sawa. Ndoa ya mke mmoja kama sharti ililetwa na wamisionari Wakristo, tena si zamani sana. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inazitambua ndoa zote tatu, ya kimila, ya Kiislamu na ya Kikristo, ila inadai umri wa miaka 18 na ridhaa, yaani kukubali kwa hiari. Hayo hayabatilishi hoja ya wanafunzi, kwa kuwa fundisho halihitaji ukale ili liwe kweli. Wanapaswa tu kulitetea kwa Injili, ambayo ndiyo msingi wao, na kuacha kuwasingizia mababu.