Wahitimu wetu na hesabu ya miaka mitatu

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake.

Msimu wa mahafali ukifika, Waislamu wa mijini hatukosi kadi ya mwaliko. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni huandaa mahafali yao mbali na yale ya chuo. Inasomwa Qur'an, inasomwa risala ya wahitimu, sheikh anatoa nasaha, kisha pilau na picha. Ni jambo jema. Katika risala hizo wahitimu huiangalia nyuma miaka yao mitatu na kueleza waliyopitia: msikiti mdogo, mtihani uliopangwa saa ya Ijumaa, mkopo uliochelewa. Yote hayo yanafaa kusemwa. Lakini hiyo ni risala ya kuwasomea watu. Ipo nyingine ambayo kila mhitimu ataisoma peke yake mbele ya Mola wake.

Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (SAW) ametufahamisha kuwa Siku ya Kiyama mja hatanyanyua mguu mpaka aulizwe mambo manne: umri wake aliumaliza katika nini, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi na kuitumia katika nini, na mwili wake aliuchakaza katika nini. Ndugu mhitimu, hebu tuyapitishe maswali haya katika miaka yako ya chuo.

Tuanze na umri. Miaka mitatu ni siku 1,095. Kwa swala tano kila siku, hizo ni swala 5,475 za faradhi. Ngapi ziliswaliwa kwa wakati wake? Alfajiri ngapi zililaliwa kwa sababu usiku ulikwisha kwenye mpira na simu? Wengine chuo ndicho kilichowarudisha msikitini. Waliingia hawajui kusoma Qur'an, wakafundishwa na wenzao chumbani, leo wanatoka wanasoma. Wengine walitoka kwao na swala, wakaiacha getini. Kila mmoja anaijua nafsi yake, na mlango wa toba haufungwi na mahafali.

Swali la pili ni elimu. Katika Suratul Jumua, aya ya 5, Allah (SW) amewapigia mfano waliobebeshwa kitabu wasikifanyie kazi: ni kama punda aliyebeba vitabu. Shahada ni karatasi inayotoa ushahidi kwamba fulani anajua. Je, ni ushahidi wa kweli? Aliyepita kwa kudesa kwenye mtihani, au aliyemlipa mtu amwandikie ripoti ya utafiti, anaingia kazini na ushahidi wa uongo mkononi. Akiwa mwalimu wa hisabati, watoto wa watu ndio watakaolipa. Akiwa mhasibu wa msikiti, waumini ndio watakaolipa. Atubie, kisha kabla hajabeba amana ya watu akae chini ajifunze kweli kile ambacho karatasi inasema anakijua.

Swali la tatu, mali, ndilo linalopuuzwa zaidi. Wengi wa wahitimu wetu wamesomeshwa na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ada ilikwenda chuoni, bumu likaingia mkononi. Bumu lile, ndugu yangu, halikuwa zawadi. Wakati wa kuchukua tulisema ni haki yetu, wakati wa kurejesha tunasema serikali ina fedha nyingi. Kwa ajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Ni mzigo, hapana anayebisha. Lakini wapo wanaojificha wasijulikane kabisa, na baadhi wakaivalisha hoja hiyo kanzu ya dini: mkopo una riba, kwa hiyo silipi!

Hoja hii ipimwe kwa haki. Ni kweli palikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya fedha, na Waislamu waliilalamikia. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa. Lakini hata tozo ilipokuwepo, uharamu wa ziada haukuwahi kuhalalisha kula mtaji wa mtu. Katika Suratul Baqara, aya ya 279, anayetubia riba anabakiziwa rasilimali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya sura hiyo hiyo, inahusu deni na kuliandika.

Bukhari amepokea kisa cha jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (SAW), akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa, dinari tatu. Akawataka maswahaba wamswalie wenyewe, mpaka Abu Qatada (RA) alipolibeba deni lile, ndipo akaswali. Dinari tatu! Je, sisi wenye mamilioni?

Asiye na kazi asikate tamaa. Aya ya 280 inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Kinachotakiwa kwake ni nia ya kweli, kulikubali deni na kuliandika katika wasia. Na ajue kuwa marejesho hukopeshwa wanaokuja nyuma. Anayekwepa amefunga mlango alioingilia yeye.

Swali la nne, mwili. Waliojiingiza katika kile kinachoitwa ndoa za chuo, waishi pamoja bila nikah, waache, watubie, wala wasijisimulie. Anayeweza kuoa aoe.

Ndugu zangu, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO. Wale wa mwanzo hawakuwa na kaka wala dada wa kuwatangulia hapo. Leo anayeingia anakuta njia, kwa sababu kuna waliokubali kuianza. Basi kila darasa linaloondoka, popote lilipo, lijiulize: limewaachia nini wanaobaki? Mkataba wa usiku mmoja wa kuwafundisha wadogo unaweza kuwa mzito zaidi katika mizani kuliko keki ya mahafali.

Tumwombe Allah (SW) awape wahitimu wetu elimu yenye manufaa, riziki ya halali, na atuondoshee madeni kabla hatujaondoka sisi. Amin.

Wabillahi tawfiq.