Kizazi Kisichouliza

Mwaka 1892 wamisionari waliotumwa na chama cha misheni cha Berlin walifungua kituo Kisarawe. Miaka ya 1960 nchi za Nordiki zilijenga Kibaha shule, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima, na mwaka 1970 kazi hiyo ikakabidhiwa serikali yetu. Leo wakazi wengi wa Berlin si washirika wa kanisa lolote, na huko Nordiki wengi wamebaki majina tu katika daftari la kanisa. Imekuwaje kwa hao waliotuletea Injili?

Tuangalie Ujerumani Mashariki. Serikali ya kikomunisti iliyotawala huko tangu 1949 iliwabana vijana waache kipaimara, ikawawekea sherehe yake badala yake. Waliokuwa wa kwanza kuacha walijua wanachoacha. Walikuwa wamefundishwa sala, walibishana na wachungaji, na wengine waliumia moyoni. Watoto wao hawakubishana, walinyamaza. Wajukuu hawakuwa hata na jambo la kunyamazia. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, kubanwa kuliisha, lakini makanisa hayakujaa. Mtu hawezi kurudi mahali ambapo hajawahi kuwa.

Tusiseme kwamba wajukuu hao ni watu wabaya. Wengi wanalea watoto vizuri, wanahudumia wagonjwa na kupokea wageni. Hawamchukii Mungu, hawamuulizi tu.

Kwetu sisi, asiyeamini kwa kawaida bado ni wa kizazi cha kwanza. Ni kijana wa usharika wetu, aliyebatizwa na kupata kipaimara, ambaye baada ya kumzika mdogo wake anauliza Mungu alikuwa wapi. Nasi tumezoea kumjibu, "Usikufuru, mwanangu." Ananyamaza, nasi tunadhani ameamini. Kumbe tumemwingiza katika kizazi cha pili sisi wenyewe. Ayubu alimlalamikia Mungu kwa uchungu, lakini mwishoni waliokemewa ni rafiki zake, waliokuwa na majibu mepesi. Anayebishana na Mungu bado anazungumza naye.

Tena imani nayo hupita vizazi hivyo hivyo. Bibi aliipokea kwa gharama, pengine akitengwa na ndugu zake. Mama aliipokea kwa mazoea. Mtoto anakuja kwa ajili ya kwaya na nguo mpya ya Krismasi. Huyo na mjukuu wa Berlin wanaweza kuwa karibu kuliko tunavyofikiri: kila mmoja amerithi alichokikuta nyumbani, na hakuna aliyeuliza. Kitabu cha Waamuzi, sura ya pili, kinaeleza kwamba baada ya wenzake Yoshua kufa, kiliinuka kizazi kisichomjua Bwana. Hakikutoka mbali. Walikuwa watoto wa nyumba zile zile.

Basi mtoto akituuliza mezani au njiani kutoka ibadani, tusimkatize. Tumweleze tulivyoamini na ilivyotugharimu. Tusilolijua tukiri kwamba hatulijui, kisha tuombe pamoja naye.