Aliyetuma na Aliyetumwa: Nani Atajibu?



Wazee wa Buyenzi bado wanalikumbuka jina la Sans Échec. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, vijana wa Ngagara, Nyakabiga na Musaga waliunda magenge. Kamenge na Kinama nako wakatokea vijana wenye silaha. Siku za ville morte, wanasiasa walipotaka mji usimame, vijana ndio waliofunga barabara na kuua wapita njia. Machi 1995 moto ule ukafika Bwiza na Buyenzi, mitaa ambamo Wahutu na Watutsi walikuwa wakiishi ua mmoja.

Mzee mmoja wa mtaani aliniambia: “Mwanangu, wale walikuwa watoto. Walaumu waliowatuma.” Kuna ukweli ndani yake. Mtumaji alikuwa na chama na fedha. Mtumwa alikuwa na njaa. Lakini je, njaa inamtoa hatiani?

Tuliosoma fiqhi tunaujua mlango wa ikrahi. Wanazuoni wamekhitalifiana nani alipe kisasi: aliyelazimisha peke yake, au wote wawili. Hawakukhitalifiana kwamba hata aliyewekewa upanga shingoni haruhusiwi kumuua asiye na kosa ili ajiokoe yeye. Ikiwa aliyelazimishwa hana ruhusa, ataipata wapi aliyenunuliwa kwa bia na noti mbili?

Tena si wote waliokuwa na njaa. Juni 1995 wanafunzi wa Kihutu waliuawa kampasi ya Mutanga, na miongoni mwa waliotajwa kuhusika walikuwemo wanafunzi wenzao. Hao walikuwa na vitabu na vitanda kama sisi.

Hata hivyo, dhambi ya mtumwa isiwe pazia la mtumaji. Mara nyingi kijana huishia kaburini au gerezani, na aliyemtuma huishia kwenye kiti. Hesabu ya Allah haiendi hivyo. Katika Surat al-Ahzab, watu wa motoni wanasema waliwatii wakubwa wao, wanaomba wakubwa hao wazidishiwe adhabu. Ombi lile haliwatoi wao motoni. Dhambi haigawanywi kama mkate, kila mmoja akapata kipande kidogo. Kila mmoja anaibeba nzima.

Basi ndugu yangu, siku utakapopewa fulana na nauli, uliza kwanza unatumwa kwa nani na kufanya nini. Aliyekutuma hatasimama badala yako Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.