Rangi juu ya kutu

*TAFAKURI YA RAMADHANI: SIKU YA 19*



Leo twende gereji kidogo. Najua huu ni mwezi wa msikiti, lakini kuna swali moja ambalo nikilieleza kwa maneno ya kitabu peke yake litapita juu juu. Kwenye chuma linaonekana vizuri zaidi.

Swali lenyewe ni hili: mtu anayeficha aibu yake ni mnafiki, au ni mtu mwenye staha?

Kila Ramadhani kuna ndugu anayesema: "Mimi sikai safu ya mbele. Watu wananiona na kanzu, hawajui ninayoyafanya. Bora nibaki nyumbani kuliko kujipaka rangi." Pengine ndugu huyo ni wewe unayesoma sasa hivi. Na kuna mwingine anauza kitu kibovu kilichopakwa kikapendeza, ukimwuliza anakujibu, "Si tumeambiwa tusitiri aibu?" Wote wawili wanazungumzia rangi. Mmoja anaikimbia, mwingine anaitumia kuibia watu. Tuwatenganishe vipi?

Haya. Chukulia marehemu mzee wako kakuachia gari, Peugeot 404, ile ya gia kwenye usukani. Wazee wanaijua sifa yake. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na miwili ya mwanzo katika hiyo mitatu dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Sasa imekaa chini ya mwembe miaka na miaka. Bodi umempa fundi ainyooshe. Wewe umebaki na kazi inayoonekana ndogo: vyuma vya ndani. Reli za viti, mikono ya kuzungushia vioo, bawaba ya kisanduku cha dashibodi, kifuniko cha sehemu ya majivu ya sigara, na skrubu kopo zima. Vyote vimeshika kutu.

Utajiuliza, kutu imeingiaje ndani wakati mvua inanyesha nje? Mpira wa kioo cha mbele ukikauka unapasuka, maji yanapenya tone kwa tone, yanashuka mpaka chini ya zulia. Zulia linayanyonya na kukaa nayo. Na sisi wa pwani tuna nyongeza yetu, chumvi ya hewa ya bahari. Inatua juu ya chuma, inavuta unyevu, na kutu inakwenda mbio. Ukitazama kwa juu, zulia liko safi kabisa. Ukilifunua ndipo unaposema, "Laa ilaha illa Llah."

Kuna tabia moja ya kutu ambayo kila fundi anaijua. Chuma kikigeuka kutu kinavimba, kinachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilivyokuwa. Ndiyo maana ukipaka rangi juu ya kutu, leo inang'aa, Idi utapendeza nayo, halafu mvua za mbele utaona malengelenge. Rangi inanyanyuliwa kutoka chini. Kutu haikufa ulipoifunika. Unyevu ulikuwa nayo humo humo, na pumzi ya hewa inayopenya rangi inaitosha kuendelea na kazi yake.

Sasa kumbuka Suratul Mutaffifin, aya ya 14. Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba yale waliyokuwa wakiyachuma yamezifunika nyoyo zao, na neno lililotumika hapo wafasiri wengi wa Kiswahili wanalieleza kwa kutu. Na tazama sura yenyewe imeanza na watu gani: wanaopunja vipimo. Watu wa sokoni, wenye mizani. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra na iliyomo kwa Tirmidhi, ametueleza namna inavyokuja: dhambi moja inaweka doa jeusi moyoni, mtu akiacha na kutubia moyo unasuguliwa ukatakata, akirudia doa linaongezeka mpaka linaufunika moyo. Yaani inaanza kidogo, kama mkwaruzo kichwani mwa skrubu.

*Basi tuanze kazi.*

Skrubu iliyoganda usiilazimishe, utaivunja kichwa. Ipe mafuta ya taa, iache usiku kucha. Kipande kikitoka, kioshe kwa sabuni kitoke grisi yote, maana penye grisi dawa haifiki. Kisha brashi ya waya, kwa ile kutu inayomeguka. Iliyobaki kwenye vijishimo, tumbukiza kipande kwenye siki, siku moja hivi, ukikichungulia mara kwa mara. Kikitoka, suuza, pitisha kwenye maji ya magadi ili ukali wa siki uishe, suuza tena, kausha hapo hapo.

Hapo kwenye kukausha ndipo wengi wanapokosea. Chuma kilichotoka kusafishwa kiko uchi. Kiache na majimaji juu ya meza, uende kuswali Alasiri na kupiga soga barazani, ukirudi kimeshaanza wekundu. Kutu mpya, juu ya chuma ulichokisafisha leo leo. Kwa hiyo ukishakausha, piga msasa kidogo, paka praima, kisha rangi. Rangi siyo adui wa chuma. Rangi juu ya chuma kisafi ni ulinzi.

Ndugu yangu unayekaa nyumbani kwa kuogopa unafiki, hili ni lako. Unadhani ukweli ni kutembea bila rangi. Chuma kisicho na rangi, kwa hewa yetu hii, ndicho kinachooza upesi zaidi. Stara uliyopewa na Mola wako, kwamba watu hawajui ya usiku wako, hukuipaka wewe kwa hila. Ni neema. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume ametueleza kwamba umma wake wote unatarajiwa msamaha isipokuwa wanaojitangaza, yule ambaye Mungu kamsitiri usiku, asubuhi anaamka na kuwasimulia watu. Kwa hiyo hutakiwi kuitangaza dhambi yako ili uonekane mkweli. Wala kuacha swala ya jamaa kwa sababu una kutu ni sawa na kukataa kukipeleka kipande gereji mpaka kipone chenyewe. Kitapona wapi? Njoo hivyo hivyo. Kanzu ivae. Kisha chini ya kanzu, fanya kazi.

Na ukifanya, usijichome. Siki ina kasoro moja: haijui kuacha. Ikimaliza kutu inaanza kula chuma kizima. Ukisahau kipande humo wiki nzima utakitoa chembamba, kimekwanguka. Springi ndogo, zile za vitasa, usizitumbukize kabisa, kwa sababu asidi inazifanya ziwe kavu za kukatika. Hizo ni za brashi na mafuta tu. Majuto nayo yako hivyo hivyo. Ni dawa, na dawa ina kiasi chake. Anayejilaumu mpaka akaona Mungu hatamsamehe amevuka kutu, sasa anakula imani yake mwenyewe.

*Sasa tuje kwa yule wa pili.*

Weka vipande viwili juu ya meza. Kifuniko cha majivu, na reli ya kiti. Tuseme umechoka, swaumu imekukaba, na kesho anakuja mtu kuitazama gari aweze kuinunua. Vyote viwili umevipiga rangi nyeusi, vinafanana. Ila unajua jambo moja ambalo mnunuzi halijui: ile reli, kabla ya rangi, ulipoigonga kwa bisibisi, bisibisi ilizama. Hapo hakuna tena kutu ya kusugua. Chuma chenyewe hakipo. Reli ile inataka kukatwa na kuchomelewa kipande kipya, au kutafutiwa nyingine. Rangi inarudisha sura, unene hairudishi.

Kifuniko cha majivu kikiwa kibovu, nani ataumia? Hakuna anayekiegemea. Lakini kwenye kiti kile atakaa mtu. Labda mama wa mnunuzi, anapelekwa hospitali. Dereva akikanyaga breki ghafla, uzito wote wa mama yule unakwenda kwenye reli yako.

Hapo ndipo ninapoona mpaka, ndugu zangu. Swali la kujiuliza juu ya kila unachokificha siyo tu "nani anakiona?" Jiulize, *nani anakiegemea?*

Ikiwa ni jambo lako na Mola wako, hakuna mja anayelielemea, lisitiri, lisafishe kimya kimya, usimwambie mtu. Ikiwa kuna mtu ameweka juu yake mali yake, ndoa yake, amana yake au roho yake, basi si siri yako peke yako tena. Ana haki ya kujua linalomgusa, au kurudishiwa kilicho chake. Ukimfunikia, hiyo haiitwi stara. Hiyo ni ghushi. Mtume alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji chini, na akamkemea mwenye bidhaa kwa kutoyaweka maji yale juu watu wayaone. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Tazama alichokifanya: alitia mkono chini ya zulia.

Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameyaweka masharti ya toba wazi. Kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Hayo matatu ni ya dhambi baina yako na Mungu. Ikiingia haki ya mja, linaongezeka la nne: umtoe mwenye haki katika haki yake. Tarawehe zako zote, khitma zako zote, hazimlipi mtu uliyemdhulumu mpaka umrudishie au akusamehe.

Utaniambia, "Nikisema ukweli si nitaharibu kila kitu?" Hapana, kuna kipimo. Kwa mnunuzi unasema, "Reli hii imeliwa, itengenezwe kabla mtu hajaikalia," na bei inashuka. Hulazimiki kumhadithia uvivu wako wote na jinsi gari ya mzee ulivyoitelekeza. Mwenye pesa zako, rudisha pesa, na si lazima ujivue nguo mbele ya mtaa mzima. Na uliyemsengenya? Hapo masheikh wamekhitalifiana. Wapo wanaosema lazima umwombe radhi, na wapo wanaosema ikiwa kumwambia kutazua fitna kubwa zaidi, umwombee dua na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Lako mahsusi mwulize sheikh wako uso kwa uso. Ila usijipe fatwa mwenyewe kwa sababu tu inakupunguzia gharama.

Na gharama ipo, tusidanganyane. Reli ile ukiitaja, huenda mnunuzi akaondoka. Utabaki na gari, na fundi wa bodi anakudai. Ndiyo hapo toba inapopima uzito. Mtume ametufundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Hakim bin Hizam, kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao inabarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka inafutwa. Hakutuahidi bei kubwa. Ametuahidi baraka.

Tena fikiria, wewe tayari unajua kufanya kazi ya chini ya zulia. Siku 19 sasa unafunga. Ungeweza kuingia bafuni saa nane mchana, ukafungua bomba, ukanywa, ukatoka umekauka midomo kama wenzako. Hakuna angejua. Hukunywa. Basi uaminifu uliouonyesha kwenye maji, ambayo yangekuwa dhambi yako na Mola wako tu, utashindwa kuuonyesha kwenye reli ambayo mama wa mtu ataikalia?

Kuna sura nzima katika Qur'ani inayoitwa Hadidi, Chuma. Katika aya yake ya 25 Mwenyezi Mungu anataja kuteremshwa chuma, chenye nguvu na manufaa kwa watu. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 16, anawauliza waumini kama wakati haujafika nyoyo zao zinyenyekee, wasiwe kama waliopitiwa na muda mrefu nyoyo zikawa ngumu. Muda mrefu. Gari chini ya mwembe. Lakini aya inayofuata mara moja inatukumbusha kwamba Yeye huihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Kwa hiyo hakuna kipande cha kutupwa kabla hakijajaribiwa.

*Kazi ya leo.* Kesho magharibi tunaingia kumi la mwisho, inshaallah. Kabla ya hapo, kaa peke yako dakika kumi, funua zulia. Andika unayoyaficha, kisha uchane karatasi. Pembeni ya kila moja jiulize: nani anakiegemea? Yasiyoegemewa na mtu, yapeleke kwenye sijda. Ambalo mtu ameliegemea, chukua moja tu, dogo, na ulitengeneze kabla ya Idi. Deni la dukani. Kifaa ulichoazima hukurudisha. Neno ulilomwambia mnunuzi likawa siyo.

Ewe Mola wetu, tusitiri kwa stara yako, na usitujaalie kuifanya stara yako kuwa pazia la kuwadhulumu waja wako. Zisugue nyoyo zetu kabla hazijaliwa. Warehemu wazee wetu waliotutangulia na watuachie mema kuliko mali. Tupe nguvu ya kusema "hii imeliwa" pale panapotugharimu. Amin.

Tukumbukane kwenye dua wakati wa kufuturu. Wabillahi tawfiq.