Shamba la Anathothi



Mwaka 1984, tulipokuwa bado wageni katika kazi ya ukufunzi kwenye chuo cha ualimu, mwanafunzi mmoja alitujia jioni baada ya sala. Siku zile zilikuwa ngumu, na wenye umri wetu wanazikumbuka. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, maana sabuni haikuonekana, na unga wa yanga ulipangiwa foleni tangu alfajiri. Yule kijana alisema mama yake yu mgonjwa sana nyumbani. Tukamjibu upesi, "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Mungu ni mwema, mama atapona." Haukupita muda ikaja habari ya msiba. Aliporudi kutoka mazishini alitusalimu kwa adabu kama kawaida, lakini hakuja tena kuombewa, wala hatukuweza kumlaumu.

Tangu hapo tumejiuliza: je, ni haki kumwambia mtu aliye katika shida awe na tumaini? Au twamwambia hivyo ili sisi wenyewe tupate kuondoka mlangoni pake kwa amani?

Kumtaja Mungu hakukuwa kosa. Tulikosa kwa kutabiri. Tulimpa kijana ahadi ambayo hatukutumwa kuitoa, na ilipovunjika, ilivunjika kwa jina la Bwana.

Katika kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 28, yumo mtu aitwaye Hanania. Huyu aliwaambia watu hekaluni kwamba katika muda wa miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi kutoka Babeli. Ni neno tamu, na bila shaka walimpenda. (Sisi tulioambiwa mwaka 1979, vita ya Kagera ilipokwisha, tufunge mikanda kwa miezi 18, twajua jinsi mtu mwenye dhiki anavyohesabu miezi.) Yeremia aliwaandikia mateka kwamba ni miaka 70, wajenge nyumba huko, wapande bustani, waoze watoto wao. Hakuwapunguzia hata mwaka mmoja.

Lakini ni Yeremia huyohuyo aliyenunua shamba. Someni sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, njaa imo mjini, nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Binamu yake Hanameli anamjia ili amwuzie shamba la Anathothi, lililo nje ya mji, ambako adui ndiye mwenye nguvu. Yeremia anampimia shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri, kisha anamwagiza Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Mtu adhaniye kwamba taabu itakwisha juma lijalo hana haja ya chungu cha kuhifadhia hati. Na kweli mji ulianguka, hekalu likachomwa moto, na nabii akachukuliwa mpaka Misri. Hatusomi popote kwamba alipata kulima shamba lile.

Basi alinunua nini? Sisi twaona alikuwa akikiri kwa fedha yake kwamba nchi ile ingali ya Mungu, hata kama yeye hataiona ikirudi. Hili ndilo linalotuchoma tukimkumbuka yule kijana. Tumaini la Yeremia lilimgharimu shekeli 17, na letu halikutugharimu hata nauli. Laiti tungalinyamaza, tukampa nauli ya basi aende akamwone mama yake ijapo mara moja! Angalirudi yatima vilevile, lakini labda angalikuja tena kuomba pamoja nasi.

Katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, ipo orodha ndefu ya waliorudi kutoka Babeli. Wasomaji wa masomo kanisani huiogopa kwa wingi wa majina yake. Mstari wa 23 wawataja watu wa Anathothi: walikuwa 128.