Kufundisha Watoto Nyumbani: kwa Vitabu Gani, na kwa Nia Gani?



Wazazi kadhaa wametuletea swali moja. Wanasema darasani watoto ni wengi kupita kiasi, mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja, na mtoto anarudi na daftari tupu. Je, si afadhali mzazi Mkristo amfundishe mwenyewe nyumbani? Na kama ni hivyo, atafute vitabu gani? Hatutaki kulijibu kwa haraka, kwa sababu ndani yake yamo maswali mawili. La kwanza linahusu vitabu. La pili linahusu nia, na ndilo gumu zaidi.

Tuanze na jambo ambalo sote tunakubaliana. Kumfundisha mtoto ni kazi ya mzazi kabla ya kuwa kazi ya shule. Katika Kumbukumbu la Torati 6:6-7 Musa anawapa wazazi kazi hiyo kuanzia asubuhi hadi usiku, nyumbani na safarini, na watu hao walikuwa wakiishi katika mahema. Paulo anapoitaja imani ya Timotheo, anaanza na bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Tim. 1:5). Mwaka 1529 Martin Luther, baada ya kuona jinsi Wakristo wa vijijini walivyokuwa hawajui mambo ya msingi ya imani, aliandika Katekisimo Ndogo ili mkuu wa kila nyumba awafundishe watu wake. Na sisi wenyewe tulikumbushwa hapa Uganda, shule zilipofungwa Machi 2020 na madarasa mengi yasifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022. Muda ule wote, mtoto ambaye nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kukaa naye alisahau hata herufi.

Basi ni vitabu gani vinasaidia? Tunataja vichache, kwa kuwa mfuko wa mkimbizi tunaujua.

Kwanza, Biblia ya Kiswahili. Wengi wetu tulikulia katika tafsiri ya Muungano ya 1952. Ni nzuri, lakini mtoto aliyezaliwa hapa, anayechanganya Kiswahili, Kiingereza na Kinyankole, anakwama katika maneno mengi. Kwake Biblia Habari Njema ni rahisi zaidi. Asome kwa sauti, mistari michache tu, kisha aeleze kwa maneno yake.

Pili, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981 kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, watoto wanasoma kwa Kiingereza, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha mezani. Mzazi na mtoto wasipokuwa na lugha moja iliyo imara, watafundishana nini?

Tatu, kitabu cha John Bunyan kuhusu msafiri, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1678 na ambacho kimetafsiriwa kwa Kiswahili tangu zamani. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria, aliyesoma kidogo tu, na alifungwa gerezani miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri. Msafiri wake anaondoka mjini kwake na mzigo mgongoni. Watoto wetu hawahitaji kuelezwa mzigo mgongoni ni kitu gani.

Nne, Mahali Pasipo na Daktari, cha David Werner. Yeye hakuwa daktari, na alikiandika kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya wanavijiji wa milimani huko Mexico. Kinafundisha usafi wa maji, kuhara, malaria na vidonda, kwa picha ambazo hata asiyejua kusoma anaweza kuzifuata. Lakini angalieni mwaka wa toleo, kwa maana dawa hubadilika, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Hapa ndipo wengine wanatuuliza: je, ni halali kumpa mtoto wa Mkristo vitabu vya dunia? Si afadhali Biblia peke yake? Tunaielewa hofu hiyo. Lakini tumsome Danieli, kijana aliyepelekwa uhamishoni kama watoto wetu. Yeye na wenzake watatu walifundishwa lugha na maandiko ya Wakaldayo, na imeandikwa kwamba ni Mungu aliyewapa ujuzi huo (Dan. 1:4, 17). Chakula cha mfalme walikikataa, vitabu hawakuvikataa. Walijua mahali pa kuweka mpaka kwa sababu walikuwa wamefundishwa kabla ya kufika Babeli. Kwa hiyo ulinzi wa mtoto hautokani na uchache wa vitabu. Unatokana na mzazi aliye karibu naye, anayemwuliza: hili ni kweli? Linapatana na Neno la Mungu? Mtoto aliyekatazwa tu atavisoma vitabu hivyo gizani siku moja, bila mtu wa kumwuliza.

Sasa twende kwenye lile swali la nia. Mtu akisema, "Mtoto wangu namfundisha nyumbani," tumtazame mtoto huyo saa nne asubuhi. Yuko wapi? Kama amekaa mkekani na daftari, tunamshukuru Mungu. Lakini kama yuko kwenye foleni ya maji na dumu la lita 20, au amembeba mdogo wake mgongoni wakati mama yuko shambani kwa watu, basi tumeipa kazi za nyumbani jina la shule. Na mara nyingi mtoto huyo ni wa kike.

Hatusemi hivyo ili kuwahukumu wazazi. Tunajua jinsi mgao wa chakula ulivyopunguzwa miaka hii, na tunamjua mama anayelea watoto peke yake na hana mikono mingine. Tunachosema ni kwamba shida ya kweli iitwe shida, ili ndugu waweze kuisaidia. Ikiitwa malezi ya Kikristo, hakuna atakayeisaidia, na binti atalipa gharama hiyo maisha yake yote.

Yuko mama mmoja wa kutufundisha jambo hili. Susanna Wesley aliishi Epworth, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 18. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wakiwa wadogo. Mume wake, mchungaji, aliwahi kufungwa kwa ajili ya madeni, na mwaka 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto. Hata hivyo aliwafundisha watoto mwenyewe. Mtoto alianza kusoma alipotimiza miaka mitano, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa Mwanzo. Jioni alikuwa na zamu ya kuzungumza na kila mtoto peke yake. Tena aliweka kanuni kwamba binti asifundishwe kazi kabla hajaweza kusoma vizuri. Kanuni hiyo ingebadilisha mambo mengi hapa kwetu.

Tena tuangalie jambo moja. Mwanawe John, ambaye baadaye alianzisha vuguvugu la Wamethodisti, alipelekwa shule London akiwa na miaka kumi. Mama yake hakuona kwamba nyumba na shule ni maadui. Nyumba ilimtayarisha mtoto, shule ikampeleka mbele. Hivyo tunawashauri wazazi wenye watoto shuleni wasiwatoe, bali waongeze saa moja ya jioni kabla giza halijaingia. Na yule ambaye mtoto wake hana shule kabisa, kwa ada au kwa umbali, ajue kwamba saa mbili za kila asubuhi, zikilindwa kweli, ni shule halali mbele za Mungu hadi njia nyingine ipatikane.

Mzazi asiyejua kusoma asijiondoe. Filipo alipomkuta Mwethiopia akisoma, alianza kwa kumwuliza kama anaelewa (Mdo. 8:30). Swali hilo halihitaji cheti. Mtoto asome, mzazi aulize. Hesabu ifanyike kwa punje za mahindi.

Na wale wenye kitabu, wasikifungie sandukuni. Kitabu kimoja kinaweza kuzunguka nyumba kumi na kurudi, kikifungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni wakati wa mvua. Wazee wa kila kanda wanaweza kuandika orodha ya vitabu vilivyomo majumbani, ili jirani ajue wapi pa kubisha hodi. Kitakaporudi kimechakaa, tusihuzunike sana. Tumwulize mtoto aliyekirudisha amesoma nini.

Bwana awatie nguvu wazazi wote katika kazi hii.