Rangi ya Sakafu na Hukumu ya Wakati

Jambo tunalokusudia kulizungumza hapa laweza kuonekana dogo mno kwa ukurasa wa walimu: mtu ajengaye nyumba achague rangi gani kwa sakafu yake ya mbao ngumu, na je, rangi hiyo haitaonekana imepitwa na wakati baada ya miaka michache? Lakini ndani ya swali hilo mna jingine lililo zito zaidi: tuna haki gani ya kukihukumu kitu kizima kwa sababu tu macho yetu yamekichoka?

Na tuanze na maneno yenyewe, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Kiswahili hutofautisha kuchakaa na kupitwa na wakati. Kuchakaa ni hali ya kitu chenyewe: ubao umelika, umeoza, au umetobolewa na mchwa. Kupitwa ni kutendwa: kitu kimesimama mahali pake, na mwingine ndiye aliyekipita. Sakafu iliyochakaa ina kasoro ambayo fundi aweza kuionyesha kwa kidole. Sakafu iliyopitwa na wakati haina kasoro ya kuonyeshwa; aibu yake yote yatokana na kulinganishwa na ya jirani.

Tutazame mambo yalivyo West Nile. Katika mji wa Arua, na huko Koboko upande wa kaskazini, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, sakafu zimefuatana kama vizazi. Iko ya udongo ulioshindiliwa na kusiribwa kwa samadi ya ng'ombe. Iko ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta, ambayo zamani ilikuwa fahari ya nyumba za misheni na za watumishi wa serikali. Na siku hizi viko vigae vyeupe ving'aavyo. Sakafu ya mbao ni adimu, kwani nyumba nyingi hukaa juu ya ardhi yenyewe na mchwa ni wengi. Mbao ngumu aghalabu huishia katika milango, vitanda na makabati. Hata hivyo, mwenye uwezo akiitaka ataipata, kwa kuwa mvule na mkangazi huletwa Arua kutoka misitu ya Kongo.

Mtu huyo atakapofika kwa seremala, ataulizwa: ubao uachwe na rangi yake, au ukolezwe hadi uwe mweusi, au upaushwe? Hapo ndipo ule usemi wa kupitwa unapokwama. Mvule uliotoka kupigwa randa huwa na rangi ya manjano, na mwanga wa miaka huugeuza kuwa wa kahawia. Mkangazi huanza na rangi ya waridi iliyofifia, kisha huingia katika wekundu mzito. Ubao ulioachwa na rangi yake huenda pamoja na wakati, basi wakati utaupitaje? Kinachopitwa ni ile rangi iliyopakwa juu kwa kufuata mtindo wa mwaka fulani.

Tena ziko sababu za mkono, ambazo mtindo hauzijali. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila chumba, na sakafu nyeusi huonyesha kila unyayo. Masika yakifika, sakafu nyeupe haifichi tope hata chembe. Na mara nyingi aliyeichagua rangi siye apigaye magoti kuipangusa. Kuchagua rangi, kwa hiyo, ni kuamua kazi ya mtu mwingine kila asubuhi, na uamuzi wa namna hiyo wataka dhamiri.

Hata hivyo hatupendi kumcheka apendaye kipya. Methali husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wengi huitumia kwa dhihaka. Lakini tukumbuke kwamba baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa kufuatia mapigano ya Oktoba 1980, wakazi wengi mno wa West Nile walikimbilia Sudan na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Waliporejea miaka iliyofuata, wengi walikuta magofu. Kwa mtu aliyerudi hivyo, sakafu mpya ing'aayo ni ushahidi kwamba amerudi na kwamba anakusudia kukaa. Tukimwambia kuwa ya kale ni dhahabu, atatujibu kwa haki kwamba ya kwake ya kale yalichomwa moto.

Basi kosa haliko katika kupenda kipya. Kosa liko katika kukitupa kizima. Mti wa mbao ngumu huchukua miongo mingi kukomaa, na mingine sasa imekuwa haba hata mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini zilikubaliana kwamba mbao za mikangazi na mibambakofi ya Afrika zisivuke mipaka ya nchi pasipo kibali. Kung'oa sakafu ya mti kama huo baada ya miaka kumi, kwa sababu jirani ameweka rangi nyingine, ni kuyala maisha marefu ya mti kwa raha ya siku chache. Wala hapana haja: ubao mnene waweza kupigwa msasa na kupakwa upya, zaidi ya mara moja, na rangi ikabadilika mti ukiwa palepale.

Sisi tungemshauri mjenzi aiache mbao na rangi yake, na akishindwa kuivumilia, abadilishe rangi asiuguse mti. Na wanafunzi wetu watakaposema kitu fulani kimepitwa na wakati, kiwe sakafu, vazi au neno la lugha, tusiwakatalie upesi. Tuwaulize kwanza: kimechakaa wapi? Wasipoweza kutuonyesha mahali, hukumu yao bado haijakamilika.